Eti

Mahakama ya Sicuani ina jiko moja la mafuta taa
na viti visivyolingana miguu.
Nilikaa katikati, mkalimani:
kushoto Kikechua cha mama yangu,
kulia Kihispania cha hakimu na mihuri yake.
Kesi ilikuwa ya alpaka sita.

Kwetu hakuna habari inayotembea uchi.
Kila sentensi hufungwa silabi mkiani:
-mi, nimeona kwa macho yangu haya;
-si, nimesikia, wasema watu, eti.
Mtoto huyajua hayo kabla ya kufunga kamba za viatu.
“Usiape kwa macho ya jirani,”
mama alikuwa akinifinya sikio.

Fortunata Ayme aliweka pia lake la sufu mapajani, akasema:
eti Hilario aliwaswaga usiku, wakavuka daraja.
Nami, saa sita kasoro, tumbo linanguruma,
karani anagonga kalamu,
nikatafsiri:
Hilario aliwaswaga usiku, wakavuka daraja.

Sikutia chumvi.
Nilipunguza.
Silabi moja, nyepesi kuliko unyoya,
ilianguka chini ya meza
na hakuna aliyeinama.
Muhuri ukalia.
Miaka minne.

Nilijua jioni, nikimenya viazi.
Kisu kilisimama chenyewe.
Sikio lilikuwa limeihifadhi silabi yangu,
likanirudishia: si, si, si,
kama bomba lisilokazwa vizuri.

Asubuhi nilimkuta hakimu akinywa chai ya koka.
“Dada, imeshaandikwa.”
Nikasema basi niandike na mimi.
Nikaandika. Nikaandika tena, Cusco,
kwa nauli ya kuazima na viatu vya shemeji.
Miezi kumi na mmoja.
Mkewe Hilario alinipita sokoni kila Jumapili
bila tusi hata moja,
na hilo ndilo lililonikondesha.

Alipotoka nilimkuta darajani, daraja lilelile,
amevimba vifundo, mkoba begani.
Aliniangalia kwa muda.
“Wewe,” akasema, “eti ndiye uliyerudi kusema kweli.”

Eti.
Hata pale, hata kwangu,
hakunipa zaidi ya alichosikia,
wala hakuniibia.

Koo lilinikauka.
Nikatafuta silabi ile nyingine,
ya macho, ya kiapo,
nikaifunga mkiani mwa jibu langu, nikakaza fundo:

ndiyo, na ndiye niliyeiangusha.