Kidato cha Arobaini

Saa kumi na mbili kasoro robo, Valparaíso bado gizani,
nimeketi ukingoni mwa kitanda
naitazama sakafu kama mdaiwa amtazamavyo mwenye duka.
Hatua ya kwanza ndiyo yenye msumari.
Ya pili ina sindano. Ya kumi, mchanga tu.
Nikifika jikoni nimekwisha sahau,
na huko kusahau, ewe kisigino changu,
ndiko kulikotuponza.

Miezi minane nilikuita mwiba.
Nilikukagua kwa kioo cha kujipodolea,
nikitafuta kibanzi, kichupa, chochote chenye jina.
Hukuwa na kidonda. Hukuvimba.
Mkuu wa posta, Wenceslao, alikitazama kiatu, hakuutazama mguu:
"Oyarzún, mlima ni uleule."

Kweli, mlima ni uleule.
Vidato mia moja sitini na kimoja
toka kwa muuza samaki hadi mlango wa buluu wa mjane Hortensia,
ambaye mwanawe humwandikia kutoka Punta Arenas,
na ambaye nilishindwa kumwambia:
samahani, bibi, barua imekwama kisiginoni.

Nilijaribu ya watu.
Siki ya moto. Soli za mpira laini. Ndulele sikuipata huku,
jirani akanishauri kabichi.
Nikalala na jani la kabichi ndani ya soksi;
mume wangu akauliza usiku kama chumvi imekolea.

Kisha Ilse wa zahanati, mikono baridi, kucha fupi,
akapapasa unyayo polepole, akafika pale, akabonyeza.
Niliruka nusura niangushe taa.
"Hapo," akasema.
Akanichorea kwenye karatasi ya risiti:
chini ya mguu kuna utando, umevutwa
toka kisigino hadi vidole, kama uzi wa upinde.
Usiku hujikunja ukalala.
Asubuhi unaukanyaga kwa mwili mzima kabla haujaamka.
"Haukuchomwa na kitu, Yasna. Umechoka."

Nikalia kidogo, na si kwa maumivu.
Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo
juu ya kitu changu chochote.

Taulo, akasema: lizungushe vidoleni, livute kabla hujashuka kitandani.
Chupa ya barafu, iviringishe chini ya unyayo jioni.
Viatu hivi, tupa.
"Na utafute ngazi."
Nilicheka hadi mgonjwa wa chumba cha pili akagonga ukuta.
Ngazi!

Basi kila siku, kidato cha arobaini, penye chuma imara,
natua mkoba, nasimama kwa vidole,
kisigino kinaning'inia hewani,
nakishusha, nahesabu, nakipandisha.
Mbwa wa kinyozi hunitazama kama nimepotelewa na akili.
Wiki ya tatu: hakuna kitu.
Ya sita, Alhamisi, vibaya kuliko mwanzo; nilimtukana Ilse kimoyomoyo.
Ya kumi na moja, msumari ulikuwa sindano.
Sasa ni Julai, mvua, na asubuhi nyingine
hunikuta jikoni bila kukumbuka nilivyofika.
Si zote.

Hortensia alichoka kuningoja juu.
Siku hizi hushuka hadi arobaini kuichukua barua yake,
na juzi hakuifungua.
Alishika chuma, akavua ndara ya kushoto.
"Na mimi," akasema, "toka Pasaka."
Nikapiga goti kwenye saruji yenye maji,
nikapapasa polepole, nikabonyeza.
Mbwa alikimbia.

"Hapo," nikasema.