Tulimkuta

Fomu mpya inauliza: Mnyama alifika lini?
Naandika: Mamba, jike. Kalamu inasita.

Daftari la kwanza lililiwa na mchwa.
Kilichobaki kiko mdomoni mwa Bi Zainatu Nampanda,
aliyewapikia nyani uji miaka thelathini na mmoja.
Reli ya karanga ilipong'olewa, anasema,
vyuma vililala bandarini Mtwara vikiota kutu;
mumewe akaomba vipande arobaini,
akavisimamisha hapa Ligula, likawa tundu la fisi.
Fisi akaitwa Bwana Shauri,
kwa kuwa alikula vya wengine
na kucheka peke yake.

Hatua nne kwenda, nne kurudi.
Sakafu ina mfereji mpaka leo.
Mvua ikinyesha, maji hufuata njia yake.

Msimu wa korosho mabibo yalikuja kwa toroli,
ngedere wakalewa, wakatupiana makopo,
na akina mama wa Idi Mosi
wakawaziba watoto macho, wao wakatazama.
Kiingilio thumuni. Asiye nayo, kichwa cha samaki.

Kisha ile miaka ya njaa.
Hiyo Bi Zainatu haisimulii.
Anakunja pindo la kanga, anasema tu:
mamba hakuomba.

Gesi ilipokuja, walikuja wenye kofia ngumu
na ramani, na neno makazi mahali pa tundu.
Sasa swala wana eka tatu na kichaka cha kujifichia,
mgeni hulipa kwa simu,
na Daktari Somoe Chitanda, binti wa Nanyamba,
hupima kobe kwa mizani ya chama cha msingi,
maana ile iliyoagizwa haijafika.
Kobe ndiye pekee asiyelalamika kupunjwa.

Tundu la fisi hatukulivunja.
Tuliondoa mlango tu.
Watoto huingia, hunguruma, hupigwa picha.
Jana mmoja aliutembea ule mfereji,
saba kwenda, saba kurudi,
akatoka bila kuitwa
akasimama nje ameshika chuma.

Fomu bado iko mezani.
Wapo wasemao mamba alitoka Ruvuma,
wapo wasemao bwawa ndilo lililomfuata.
Dirishani namwona Bi Zainatu ukingoni,
anaita kwa Kimakonde,
sauti ya kumwita mtu aje kula.
Maji yanapasuka. Tundu mbili za pua.

Alifika lini?
Naandika: Tulimkuta.
Nashuka mstari wa pili. Kobe.