Kimo

Makorora, mama alinipima mlangoni,
akakwaruza kwa ncha ya kisu cha muhogo.
Tukahamia Chuda: mlango mwingine, mkwaruzo mwingine.
Muskati, mwenye nyumba hakutaka alama ukutani,
basi miaka minne
nilirefuka bila shahidi.

Nimerudi na aini nzito kooni.
Muuza machungwa kaniuliza, "Mgeni wa nani?"
"Wa Bi Mwanakheri."
Akacheka, akaniongezea moja:
"Haya. Waja leo, waondoka leo."

Mlango wa Makorora wamepaka buluu.
Nikapapasa chini ya rangi, polepole, kama kipofu.
Upo. Usawa wa kiuno.
"Huyu ni mimi," nikamwambia mtoto wa wapangaji.
Akavua ndala, akajibanza pale,
kiganja utosini.
"Nimekupita," akasema.