Hesabu ya Nyuzi Tisa

Daktari alinishona nyuzi tisa,
toka chini ya sikio hadi penye kola ya sare.
Kisu? akauliza. Nikasema hapana,
mkasi wa kupogolea zabibu,
mali ya serikali, namba kumi na saba.
Asubuhi ile niliutia saini mwenyewe
nikampa Chidawali mkononi.

Agosti, upepo wa Hombolo
unasaga mchanga menoni.
Askari wawili, wafungwa sitini na wanne.
Sheria mpya tulishaibandika Machi langoni pa shamba:
atakayemjeruhi askari wa magereza,
si mitatu tena, kumi na miwili.
Karatasi nzuri, yenye nembo.
Chidawali hupita pale kila siku.
Chidawali hajui kusoma.

Barua ya mama yake ilikuwa mfukoni mwangu tangu Jumatatu,
ikingoja mkaguzi, na mkaguzi yuko likizo.
Aliniomba nimsomee. Akaniomba tena.
Mara ya tatu nikamwambia: Pogoa.

Sisemi alikuwa na haki. Shingo ni yangu.
Usiku Sechelela hunigeuza
asije akalalia kovu,
na mimi nasikia chuma kikifumba, kwachu,
kama kwenye kikonyo.

Leo hakimu amesoma: kumi na miwili.
Kota nzima imeshangilia. Koplo Masinjila
kanunua soda, ya kwanza kanipa mimi
kana kwamba nimepata mtoto.
Nimekunywa. Nimefurahi, sitadanganya.

Kisha nikaanza kuhesabu, ndiyo kazi yangu,
jioni vichwa, kabla ya kufuli.
Kumi na miwili. Nani atamfungulia alfajiri?
Nani atampimia ugali wa uwele na mlenda,
asimame nyuma yake mizabibuni,
macho kwenye mikono yake?
Mimi nimebakiza kumi na mmoja nistaafu.
Waheshimiwa waligonga meza;
askari wa tatu hawakumtaja.

Barua bado ninayo.
Sare ilifuliwa, yenyewe ikabaki na doa pembeni.
Usiku huu nimeifungua, kosa la kinidhamu, najua.
*Mwanangu, mbuzi wako kazaa mapacha.
Mmoja tunakuwekea. Si unatoka Desemba?*

Kesho nina zamu.
Nitasimama mlangoni pake, nimsomee.
Nimejaribu hapa mezani, kwa sauti ya chini.
Kwenye mbuzi nafika.