Re, Mara Tisa

Nilikuja na glavu nyeupe za pamba,
kioo cha kukuzia, na rula ya kupimia pambizo,
kama walivyonifundisha huko kwenye baridi,
ambako karatasi huinuliwa mbele ya taa
mpaka alama ya maji itaje kinu kilichoizaa.

Nyangao karatasi haina alama ya maji.
Ina dole gumba la kahawia:
mafuta ya ganda la korosho
yaliyomuunguza mtu kwanza,
kisha yakamtilia sahihi.

Stoo ya parokia, nyuma ya magunia ya saruji.
Katekista Dismas Nnunduma alifungua kufuli kwa msumari,
akaniachia chupa ya maji na onyo kuhusu nyigu.
Madaftari matatu. Moteti moja, sauti nne, Kilatini,
mtunzi hajulikani, karne ya kumi na sita kwa kukisia,
imenakiliwa kwa herufi za solfa
nyuma ya fomu za mradi wa karanga, mwaka wa hamsini na moja:
Matrekta kumi na manne. Mabovu kumi na moja.
Geuza: soprano inapanda mbinguni.

Mnakili ni Sixbert Hokororo,
karani wa stoo Nachingwea, mwalimu wa kwaya Jumamosi.
Mwandiko umenyooka kama mshono wa cherehani.
Ila sauti ya pili, kila mwisho wa sentensi,
pale ambapo ti inapaswa kusimama mlangoni
ikimbembeleza do afungue,
Sixbert ameandika re.
Mara tisa. Katika madaftari yote matatu.

Nikaandika: kosa la mnakili.
Nikafuta. Nikaandika: huenda alifuata chanzo kilichopotea.
Nikachora mti wa ukoo wa nakala,
matawi yakavuka milima na bahari,
na penye shina nikaweka alama ya kuuliza.
Msimamizi wangu alijibu kwa mstari mmoja:
Sahihisha, weka ti, songa mbele.

Siku ya tatu akaja Rainfrida Chilumba,
dobi wa hospitali, mikono inanuka jiki,
sauti ya pili tangu kipaimara.
Aliutazama mti wangu, hakusema kitu,
akavuta turubai kwenye kona:
kinanda cha miguu, mvukuto wake una viraka vya kanga.
Kanyaga, akaniambia.
Nikakanyaga.
Cheupe, cheupe, cheupe, vyote vikalia vikikohoa vumbi.
Kisha kile cheusi cha kwanza katika vile vitatu:

hhh.

Pumzi tu.
Ulimi wa shaba ulikatika kabla mama yangu hajazaliwa,
na mwalimu hawezi kuidai kwaya noti
ambayo kinanda chenyewe kimeizika.
Glavu zilikuwa mfukoni. Sikumbuki nilizivua lini.

"Lakini sasa mna kibodi ya umeme," nikasema. "Ti ipo."
"Ipo," akasema. "Jumapili njoo."

Nikaenda. Kibodi ikaitoa ti, safi, ya dukani;
wanawake kumi na wawili wakaipita kando
kama watu wanavyozunguka kaburi lililokuwa uani
hata baada ya jiwe kuondolewa,
wakakanyaga re, wakashuka do bila haraka,
mwisho usio na njaa.
"Mtu akiimba ti," Rainfrida alininong'oneza,
"tunajua ni mgeni."

Gesti haina umeme usiku huu.
Naandika kwa mwanga wa simu.
Tanbihi ya arobaini na sita inasema:
re, mara tisa. Si kosa.
Msimamizi hajajibu.

Bado kuna ukurasa wa mwisho. Besi
inakatika katikati ya neno la Kilatini,
na chini yake, wino uleule, mwandiko uleule:
Mikanda ya feni, sita. Iliyopokelewa, minne.
Hiyo sijui niiweke kwenye sauti gani.