Ardhi Iko Wapi

Nilikununua kwa pesa ya kiwanja.
Nianze na hilo, maana Jerotich husema
ukifungua injini, anza na bolti iliyo ngumu.
Hamsini kwa mia, kule Kiamunyi,
tulikuwa tumebakiza malipo mawili.

Wewe ulikuwa umelala nyuma ya ghala la pareto,
Celica ya mwaka wa sabini na tano, milango miwili,
kuku wakitagia kiti cha dereva,
na bado una ile pua ndefu ya mtu anayejijua
hata siku asiyo na nauli.

Jumamosi ya kwanza nilitoa mayai saba na kabureta.
Mayai tulikaanga.
Kabureta niliiloweka petroli ndani ya karai
ambalo Jerotich alilitafuta wiki nzima.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mikono yangu
ilijua chaki tu.
Nikajifunza kuwa silinda huwaka moja, tatu, nne, mbili,
mfuatano ambao ubaoni ningeuwekea mkasi,
lakini ukiukosea, gari linakukoholea moto usoni.
Nikajifunza tabia za nati: ya kumi na mbili hukubali,
ya kumi na nne hununa,
ile ya ekzosi hukatika shingo kuliko kutubu.

Gasketi ya pampu ya maji niliikata kwenye kalenda ya benki,
ukurasa wa Aprili.
Aprili, mwezi wa mvua,
ndiyo inayozuia maji mpaka leo.

Breki za diski zilitoka kwenye gari lililoanguka Salgaa.
Sikuuliza lilikuwa limembeba nani.
Nilizisugua kwa brashi ya waya, kimya,
kama mtu anayefua nguo za marehemu.

Kabureta mbili, za kukupa pumzi ya ujana,
nilizifuata Kisumu, kwa Ochwada wa Kibuye.
Alitia mrija wa mpira sikioni,
akasikiliza moja, akasikiliza nyingine.
"Hii inavuta," akasema. "Hii inaiba."
Akakaza skurubu robo mzunguko, akataka mia tano
na soda.

Mwaka wa tatu nikakupaka rangi.
Chungwa lililoiva. Mikono minne,
hata pasipoonekana, hata chini ya betri,
kwa sababu kazi nusu ni wizi.
Vumbi la magadi lilipovuma kutoka ziwani
nilikufunika kwa blanketi letu la kitandani.
Majirani wa Section 58 walikuja kujitazama mlangoni mwako;
Gichaga alichana nywele.

Nikazungusha ufunguo.
Tk.
Betri mpya: tk.
Plagi mpya, swichi mpya, dua: tk.
Wiki mbili nilifungua nilichofunga
na kufunga nilichofungua,
kila mara bolti moja ikibaki.

Jumapili jioni Jerotich akatoka na kikombe cha chai,
si changu,
akasimama akikuzunguka kwa macho.
"Miaka mitatu," akasema. "Rangi naiona.
Ardhi iko wapi?"

Sikumjibu.
Niliutazama ule waya mweusi, mnene, wa ardhi,
ulivyokazwa vizuri, kwa bolti mpya,
juu ya rangi.
Juu ya mikono minne ya rangi.
Haukugusa chuma popote.

Nilichukua kisu cha jikoni
nikaukwangua uzuri wangu, kiasi cha sarafu ya shilingi kumi,
mpaka bati likatoka, la kijivu, uchi.
Nikafunga tena.

Ukawaka.
Ukanguruma hadi vioo vya Gichaga vikatetemeka
na chai ikamwagika.
"Nimeipata ardhi!" nikapiga kelele.

Hakucheka.
Alifungua mlango wa abiria, akaingia na ndara zake,
akafuta kiti kwa kiganja, palipokuwa pa kuku.
"Basi nipeleke Kiamunyi," akasema,
"nikaone nyumba za wenzetu."

Tukapanda polepole, gia ya pili, taa moja ikikonyeza.
Mfukoni ile bolti iliyobaki, sijui ya wapi,
iligongana njia nzima
na ufunguo wa nyumba ya kupanga.