Usiku Bani Lilipoungua

Nilikuwa na miaka tisa, na zamu ilikuwa yangu.
Baba aliniachia mdomo wa tanuri, magogo matatu ya miyombo
na agizo moja: moto usipande, moto usilale.
Nikalala mimi.

Tumbaku ya msimu mzima ilikuwa juu ya fito,
majani ndiyo kwanza yanageuka rangi ya asali.
Nilipoamshwa na joto, paa la nyasi lilikuwa moto mtupu
na mbwa wa Usoke nzima wanabweka.
Nikakimbia. Sikupiga hata yowe.
Nikavuka shamba la karanga, nikaingia porini,
nikajikunja chini ya mninga wenye mizinga ya Mzee Msabila,
nyuki wakinguruma ndani ya magome
kama watu wanaonisengenya.

Ndipo nikaisikia.
Nyamizi!
Sauti ya baba, ikitoka upande wa moshi.
Nyamizi! Uko wapi?

Mpaka leo, na mvi zimenifika masikioni,
siwezi kukuapia sauti ile ilikuwa ya namna gani.
Ilikuwa na fimbo ndani yake, hilo nina hakika.
Ilikuwa na kitu kingine pia, kilichokuwa kikivunjika
kila alipofika mwisho wa jina langu.
Nikachagua kusikia fimbo.
Nikanyamaza.

Aliita mpaka koo likamkauka.
Akapiga mluzi, mluzi nao ukakauka,
akawa anagonga jembe kwa jiwe,
ngo, ngo, ngo,
usiku kucha, akikaribia, akipotea, akirudi tena.

Alfajiri akanikuta. Nyusi hana, zimeungua.
Baadaye sana ndipo mama aliponiambia:
kabla ya kuja porini
alikuwa ameingia ndani ya bani kunitafuta.
Akatoa matobolwa mfukoni, yana majivu.
"Kula," akasema. "Nitakugombeza ukishashiba."

Na aligomba, asikudanganye mtu.
Mwezi mzima hakunitazama usoni.
Chama cha msingi kilichukua baiskeli, kikachukua mbuzi wawili,
na bado deni la mbolea likabaki linatukodolea macho.
Na mwezi huohuo, kila kuku alipochinjwa, kila samaki alipopatikana,
mnofu wa baba ulisukumwa upande wangu wa sahani
bila neno, kama mtu anayelipa kodi.

Jumapili ya tatu Mwinjilisti Kapela alipanda madhabahuni.
Mungu, alisema, ameikasirikia nyumba fulani,
na wenye nyumba wanajua zaka yao iko wapi.
Watu wakageuka kumtazama baba.
Baba akatazama mikono yake, imefungwa vitambaa.
Angeweza kusimama.
Angeweza kusema: zaka nimetoa, ni mtoto huyu hapa aliyesinzia.
Akaibeba ghadhabu isiyokuwa yake
mpaka nyumbani, kwa miguu, maana baiskeli haipo,
na mimi nyuma yake nikikanyaga kivuli chake kwa makusudi
nisiache unyayo wangu njiani.

Sasa Mwashi wangu anajiandaa kwa kipaimara.
Tunamenya viazi, ananiuliza:
"Mama, Mungu ana hasira au ana upendo?"

Wako wanaojibu haraka.
Huyu atamshikisha rungu,
yule atamfanya babu mzito wa kusikia, mwenye pipi mfukoni.
Mimi namenya kiazi kimoja, namenya cha pili.
Ninachokijua ni sauti ile tu.
Niliiogopa, na nilikuwa na sababu.
Na mimi ndiye niliyekuwa kimya, si yenyewe.
Na haikurudi nyumbani kulala.

Nafungua kinywa nimweleze, kisu kinamteleza mkononi.
"Mwashi!"
Jina linanitoka kwa ukali hata kuku wanatawanyika uani.
Anashtuka, anadhani nimekasirika.
Nimekasirika.
Tayari nimekishika kidole chake, nakitazama kwenye mwanga,
nakitafuta damu.